Mzee Ojwang' na Lafudhi Zetu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Clairwood, Durban)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya lugha yetu ughaibuni. Mada hiyo imekwisha kuhubiriwa katika mikutano yetu hata wengine wakasinzia, nami ni miongoni mwao. Kwa hivyo niliomba ruhusa nizungumze juu ya mtu mmoja tu, mchekeshaji, ambaye kwa takribani miaka thelathini aliingia katika nyumba zetu kule Kenya bila kupiga hodi. Huyo ni marehemu Benson Wanjau, ambaye taifa zima lilimwita Mzee Ojwang'.

Kwa vijana mliozaliwa hapa Durban, au Leicester, au Toronto, yafaa nieleze kidogo. Katika miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la KBC. Nyumba yenye televisheni ilikuwa ukumbi wa mtaa mzima. Kulikuwa na mchezo ulioitwa Vitimbi, na mwingine ulioitwa Vioja Mahakamani. Humo ndimo Mzee Ojwang' alimofoka, akatishia, akajisifu, kisha akaaibishwa na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, ambaye jina lake halisi ni Mary Khavere. Hadithi zenyewe zilikuwa nyepesi: deni, wivu, mgeni asiyeondoka, mfanyakazi mvivu. Uzito ulikuwa katika sauti. Ojwang' alisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo iliyokolea, maana Kijaluo hakina sauti za "sh" na "z", na yeye alizigeuza zote "s" kwa ukamilifu usiokosea hata mara moja.

Basi Wanjau hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Alipofariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78, wako Wakenya wazima, wenye elimu zao, waliolijua jambo hilo kwa mara ya kwanza siku ile magazeti yalipochapisha jina lake kamili. Nawaomba mfikirie kazi hiyo ilivyo ngumu. Mkikuyu ana vikwazo vyake mwenyewe katika Kiswahili. "L" na "r" humchanganya. Huyu alilazimika kwanza kuvificha vikwazo vya lugha ya mama yake, kisha avae vya jirani, na avivae kwa namna ambayo jirani mwenyewe acheke bila kuona ametukanwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake wote. Mwigaji mwenye dharau hujulikana upesi, na watu humzimia televisheni.

Najua wako wazee humu wasiokubaliana nami. Nimesikia ikisemwa, hata jana usiku jikoni, kwamba Kiswahili cha Vitimbi ndicho kilichowaharibu watoto wetu. Mimi nimekula mshahara wa serikali kwa kuandika nyaraka za Kiswahili sanifu na sina haja ya kufundishwa thamani yake. Lakini yule bwana alikuwa akivunja lugha kwa makusudi, mahali alipopachagua, na sisi tulicheka kwa sababu tulijua neno lilipaswa kutamkwaje. Mtoto asiyekijua Kiswahili hawezi kucheka hapo. Kucheka kwake ni ushahidi kwamba amefahamu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nimchague. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,100 waliuawa Kenya. Wakikuyu na Wajaluo walikuwa miongoni mwa waliotazamana kama maadui. Palikuwa na njia panda ambapo jina la mtu, au namna alivyotamka neno, lilitosha kumponza. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imemfanya Mkikuyu mwenye ulimi wa Kijaluo kuwa babu wa kila nyumba.

Nasi tuliohamia huku hatukukimbilia mahali ambapo lafudhi haiulizwi. Mwezi Mei 2008 wageni katika nchi hii walisimamishwa njiani na kuulizwa kiwiko huitwaje kwa Kizulu. Mwezi Aprili 2015, miezi mitatu kabla ya Wanjau kufariki, fujo zilianza Isipingo, si mbali na ukumbi huu, na watu wasiopungua saba wakafa. Wageni wakalala katika mahema pale Isipingo na Chatsworth. Hapa Clairwood, kati ya malori ya makontena na mahekalu ya jirani zetu Wahindi, binti zetu waliambiwa na mama zao wanyamaze ndani ya teksi. Walinyamaza. Wengine kati yao wamezoea kunyamaza hata nyumbani, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nikilinganisha na Waingereza, naona kitu tunachokikosa. Mwigizaji wao wa vichekesho, Stephen Fry, alianza na michezo ya wanafunzi pale Cambridge, akapita katika televisheni, akaandika riwaya, kisha akaketi mbele ya kipaza sauti na kusoma vitabu vyote saba vya Harry Potter, kila mhusika akimpa sauti yake. Vizazi vya watoto vimelala vikimsikiliza. Kwao, mchekeshaji akizeeka, sauti yake hupewa kazi ya pili. Wanjau hakuipata kazi hiyo. Macho yake yalipomsumbua uzeeni, wananchi walichangishana fedha ili atibiwe. Nasema hivi bila kumlaumu yeyote. Nasema tu kwamba sauti ile ingeweza kusoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, na leo tungekuwa nayo.

Si kwamba hatukuwa na mila hiyo. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na kipindi cha Mama na Mwana katika Redio Tanzania, na Bi Deborah Mwenda aliwasimulia watoto hadithi mpaka barabara zikawa tupu saa ya kipindi. Na hapa Durban penyewe wako jamaa waitwao Wazanzibari, wazao wa Wamakua waliokombolewa utumwani na kushushwa Natal kuanzia mwaka 1873, wakakaa Bluff mpaka sheria za ubaguzi zikawahamishia Chatsworth. Wamelinda dini na kumbukumbu za asili yao kwa karne nzima na nusu, na kwa sehemu kubwa walizilinda kwa midomo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta ombi. Katika hazina yetu kuna fedha zilizotengwa kwa ajili ya fulana za mkutano ujao. Naomba zinunue kinasa sauti kizuri, na kila tawi la ukoo lichague mzee mmoja asome au asimulie kwa saa moja, kwa lafudhi yake mwenyewe, ya Lamu, ya Kisumu, ya Kigoma, ya hapa Clairwood, bila kusahihishwa na mtu kama mimi. Shangazi yetu mkubwa ana miaka 91 na hadithi zake za sungura hazijaandikwa popote. Ndege yake inaondoka Jumatano. Mpwa wangu amekuja na chombo cha kuazima, naye yuko tayari kesho asubuhi baada ya chai, katika chumba cha nyuma, kule ambako malori hayasikiki sana.