HOTUBA YA MWENYEKITI: AMRI YA MAHAKAMA PEKE YAKE HAIMTIBU MTOTO



Miaka kumi si mchezo. Tulianza chini ya mwembe, akina mama kumi na nane na sanduku la kufuli tatu. Mambo ya hisa na mikopo mweka hazina ameyaeleza katika kurasa zake. Sisi tumeona tuzungumzie jambo moja lililotufundisha sana, nalo ni matibabu ya watoto ambao baba zao wana kazi za mshahara lakini hawaishi nao.

Mwenzetu mmoja, jina tunalihifadhi, ana mtoto mwenye sikoseli. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Sera ya nchi inasema watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 wasio na uwezo watibiwe bure katika hospitali za Serikali. Kwa umri, wa miaka saba hayumo. Kila mtoto akilazwa, mama anakuja kukopa mfuko wa jamii. Mara ya nne tukagombana kikaoni, tusifichane. Wengine walisema, "Hiki ni kikundi cha kuweka na kukopa, siyo baba wa watoto." Walikuwa na haki ya kusema, maana fedha ni ya wote. Ndipo tukaulizana: kwani baba yuko wapi? Kumbe baba yupo, ana ajira, na bima anayo.

Tukamsindikiza mwenzetu mahakamani Temeke, ambako tangu mwaka 2021 mashauri ya mirathi, ndoa na matunzo ya watoto yamewekwa pamoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haijali ndoa ipo au haipo. Zamani, kwa sheria ya mwaka 1949, mtoto wa nje ya ndoa alipangiwa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, mpaka sheria hii mpya ilipoifuta ile. Shilingi mia jamani! Hata fungu la nyanya hupati.

Amri ikatoka: baba atoe matunzo na matibabu. Tukapiga vigelegele. Kumbe tulishangilia mapema. Miezi ikapita, kadi hakuna. Tukaenda kazini kwake na nakala ya amri. Ofisa utumishi alitupokea vizuri, akasema, "Mama zangu, karatasi hii inamwamuru yeye. Fomu ya wategemezi anajaza mwenyewe." Baba naye akasema nafasi zimejaa. Na kweli zilijaa. Kwa utaratibu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wakati ule, kadi ilikuwa ya mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Yeye aliandikisha wazazi wake wawili na watoto wawili wa mke aliye naye.

Wasaidizi wa sheria wakatufumbua macho: rudini kwa hakimu, ombeni amri itaje bima yenyewe. Sheria inaruhusu mshahara wa mzazi anayedaiwa matunzo ukamatwe. Hakimu akaandika kwamba mtoto aingizwe kwenye bima ndani ya siku 30, la sivyo gharama za matibabu zikatwe mshaharani. Nakala ikapelekwa kwa mwajiri. Wiki ya tatu fomu ikajazwa, na kadi ikatoka.

Lakini jina lililotolewa lilikuwa la bibi wa mtoto, mama mzazi wa baba. Tulikwenda kumsalimia. Akatuambia, "Wanangu, mimi nitapanga foleni dirisha la wazee. Mjukuu wangu atibiwe." Hatukurudi tukicheka. Bibi yule hana kosa lolote. Tangu siku hiyo akiugua, mmoja wetu humpeleka hospitali, zamu kwa zamu.

Kwa hiyo akina mama, tushike haya. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikatwe mapema. Mahakamani usiombe "matibabu" tu, omba bima itajwe, jina la mtoto liandikwe na tarehe iwekwe. Hakikisha mwajiri amepata nakala, na saini ya kupokea ubaki nayo. Na usiende peke yako.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, tunaipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo fomu lazima ijazwe, na asiyetaka kujaza afuatwe. Kikao kimekubali nauli ya kufuatilia itoke mfuko wa jamii, bila riba. Na wale waliopinga siku ile ndio walionyoosha mikono kwanza.

Akina mama, oyee!