Kupokezana Kazi: Habari ya Ekipe Moja Katika Mwaka wa Vita

Maneno kwa vijana na wazazi siku za yubile ya parokia



Katika yubile tumezoea kuwataja walioanzisha kazi, na hiyo ni haki yao. Lakini nimeombwa kusema na vijana, hasa ninyi mnaocheza mpira. Basi nitawaeleza habari ya ekipe ya chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki, jinsi ilivyocheza wakati wa vita. Habari hiyo yatufundisha juu ya wale wanaopokea kazi mikononi mwa wengine.

Chuo hicho ni Notre Dame, katika jimbo la Indiana, Marekani. Padri Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu alikianzisha mwaka 1842. Kilipotimiza miaka 100, nchi ilikuwa vitani. Vita hivyo vilifika hata kwetu: maaskari wa Force Publique walikwenda mpaka Abisinia, na mwaka 1941 walishinda huko Saio. Marekani nayo, mwishoni mwa mwaka 1942, ilianza kuwaita jeshini hata vijana wa miaka 18. Vyuo vingi viliacha mpira. Fordham na Georgetown, vyuo vya Mapadri Wayezuiti, havikuwa na ekipe mwaka 1943.

Mbona Notre Dame ilicheza? Tusiseme upesi kwamba ilikuwa na bidii kupita wenzake. Tangu mwezi wa 7 mwaka 1943 jeshi la majini lilifundisha maofisa wake wa kesho katika vyuo vikuu, na Notre Dame kilikuwa kimojawapo. Jeshi hilo liliwaruhusu vijana wake kucheza katika ekipe za vyuo. Jeshi la nchi kavu liliwakataza wale waliokuwa katika mafunzo ya namna hiyo. Basi sehemu ya nguvu ya Notre Dame ilikuwa kitu ilichopewa, na mtu aliyepewa hana sababu ya kujivuna.

Mpira wa kule si kama wetu. Tufe lina umbo la yai, na wachezaji hulishika na kulitupa kwa mikono. Mmoja wao hulipokea shambulio linapoanza, ndiye anayeliongoza. Mwaka ule alikuwa Angelo Bertelli. Chini ya mwalimu Frank Leahy, ekipe ilishinda michezo yote 6 ya kwanza. Hata Michigan ilifungwa alama 35 kwa 12. Ndipo maaskari wa Marine wakamwita Bertelli, na michezo 4 ilikuwa ingali mbele.

Mahali pake akasimama Johnny Lujack, mwenye miaka 18. Tarehe 6 mwezi wa 11, huko New York, aliiongoza ekipe mbele ya Army, ekipe ya shule kubwa ya maofisa, wakashinda 26 kwa 0. Tarehe 20 waliishinda shule ya marubani wa jeshi la majini ya Iowa kwa alama moja tu, 14 kwa 13.

Siku ya posho iliyofuata walipambana na mabaharia wa kambi ya Great Lakes, karibu na Chicago. Dakika ya mwisho Notre Dame ilikuwa mbele, 14 kwa 12. Mabaharia wakatupa tufe mbali, mwenzao akalidaka, na mchezo ukaisha 19 kwa 14. Hata hivyo waandishi wa magazeti waliiweka Notre Dame ya kwanza katika nchi nzima. Bertelli alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora, naye alikwisha kuwa jeshini.

Mwaka 1944 mwalimu Leahy na Lujack nao walikuwa jeshini. Army ikaifunga Notre Dame 59 kwa 0. Bertelli alipigana Iwo Jima mwaka 1945. Lujack alitumika katika merikebu ndogo ya kuwinda merikebu za adui zinazopita chini ya maji. Leahy na Lujack walirudi, na mwaka 1946 ekipe ikawa tena ya kwanza. Lujack alipata Heisman yake mwaka 1947, akafariki mwaka 2023.

Wapendwa, sisi tunaoijua vita hatuwezi kuisifu. Vita huchukua vijana katikati ya kazi yao, na si wote wanaorudi. Lakini tazameni tofauti. Mwaka 1943 alipoondoka mmoja, aliyemfuata alikuwa tayari. Mwaka 1944 walipoondoka wengi pamoja, sifa ya jana haikuwasaidia waliobaki.

Ninyi wakubwa wa kwaya, makatekista, wakuu wa vikundi: nani anajua kazi yenu zaidi yenu? Kama hakuna, kazi hiyo ingali hatarini, hata ikisifiwa leo. Mfundisheni mwingine mkiwa bado na nguvu. Nanyi vijana, msingoje kuitwa ndipo mwanze kujifunza. Waanzilishi wetu walituachia parokia hii ili tuwakabidhi wengine.

Mungu awabariki nyote.