Picha Hujibiwa kwa Picha



Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza filamu kwa kamera za DSLR. Ya kwanza kurekodi video ilikuwa Nikon D90, mwaka 2008. Tangu hapo kamera ya kupigia picha za harusi yatosha kutengenezea filamu.

Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, juu ya sangara wa Mwanza. Ng'ambo ilisifiwa sana. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Lakini lawama haifuti picha. Picha hujibiwa kwa picha.

Basi vijana, kazi ipo hapa Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kwenda Kigongo, la kilomita 3, lilifunguliwa. Kabla yake tulivuka kwa kivuko. Wahojini mabaharia, wachuuzi na wagonjwa waliongoja zamu usiku, wangali na kumbukumbu.

Kamera iwe juu ya stendi. Mkirekodi picha 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50. Maikrofoni iwe karibu na msemaji, maana upepo wa ziwa humeza maneno.

Kisha kuhariri. Hapo ndipo penye amana. Mkasi unaweza kumfanya mzee aseme asilolisema. Fupisheni, msigeuze, na kabla ya kuonyesha watu wengine, mwonyesheni yeye kwanza.