Ulva, Kisiwa cha Babu Yake Livingstone

Mtu wa Ujiji ukimtajia mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, humwambii jambo geni. Anajua pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mwaka 1871. Mtu wa Bagamoyo naye atakuonyesha kanisa ulikolazwa mwili wake mwanzoni mwa 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Usiku huu tunaelekea upande wa pili, kwenye chimbuko la ukoo wake, magharibi ya Uskoti. Na kwa kuwa wapo ndugu zetu Ulaya wanaopanga likizo ya kiangazi, nitawaeleza pia pa kula, pa kulala na pa kutembea.

Safari inaanzia Glasgow. Unapanda garimoshi hadi bandari ya Oban, kisha feri inayokufikisha kisiwa cha Mull kwa muda usiozidi saa moja. Unakikata kisiwa hicho kwa barabara nyembamba mpaka ufukwe wa magharibi. Hapo mbele yako, ng'ambo ya mkondo mdogo wa maji, ndipo kilipo Ulva. Ukutani gatini kuna kibao. Unasogeza kifuniko chake, rangi nyekundu inajitokeza, na nahodha aliye upande wa pili akiiona anakuja kukuchukua kwa mashua. Magari ya wageni hayavuki. Ulva ni kisiwa cha miguu.

Ukishuka tu, unakutana na mgahawa uitwao The Boathouse, unaofunguliwa katika miezi ya joto. Agiza chaza, kaa au kambamti, maana bahari iliyowalea iko mbele ya meza yako. Lakini kabla hujaketi, msikilizaji, nakusihi utembee kwanza. Chakula kile kitakuwa na maana nyingine ukijua waliowahi kuishi hapa walikula nini, na kwa nini hawapo.

Karne mbili zilizopita Ulva ilikuwa na watu zaidi ya 500, wasemaji wa Kigaeli, waliotawanyika katika vijiji kadhaa. Walilima viazi na oti, walivua samaki, na walivuna mwani. Wasikilizaji wetu wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, mnaijua kazi hiyo ya kuinama majini mgongo ukiuma. Tofauti ni kwamba wao waliuchoma mwani ule, wakauza majivu yake viwandani kutengenezea sabuni na vioo. Wakati wa vita vya Napoleon bidhaa kutoka nje zilikuwa haba, bei ikapanda, na wenye ardhi walitaka watu wengi wa kuchoma mwani. Vita vilipokwisha mwaka 1815, malighafi za bei nafuu zikaingia tena. Bei ya mwani ikaporomoka, na wale wale waliohitajiwa jana wakahesabiwa kuwa mzigo.

Mwaka 1835 kisiwa kilinunuliwa na mwanasheria aitwaye Francis Clark. Mwaka 1846 ugonjwa ukaozesha viazi shambani, njaa ikaingia. Katika miaka hiyo Clark aliziondoa familia moja baada ya nyingine ili kupisha kondoo. Masimulizi ya wenyeji yanasema mapaa ya nyasi yalitiwa moto ili watu wasirudi. Wengine walisukumwa kwenye kipande cha ufukwe kisichofaa kulimwa, wengine wakapanda meli wasirejee tena.

Basi ukitoka gatini, fuata njia ya kusini hadi Ormaig na Cragaig. Utakuta kuta za mawe zisizo na paa, milango iliyo wazi, na nyasi pale palipokuwa na meko. Tazama miteremko jua likiwa chini: utaona mistari iliyoinuka ardhini, mmoja baada ya mwingine. Hayo ni matuta ya viazi, na hakuna aliyeyalima tangu watu wale waondoke. Wageni wengi husifu nyanda za juu za Uskoti kwa ukimya wake, wakidhani ni maumbile. Katika sehemu nyingi ukimya huo ulitengenezwa na binadamu, kwa hati ya kufukuza watu. Hili ndilo ninalotaka ulishike usiku huu.

Babu yake Livingstone alilima papa hapa Ulva. Aliondoka mapema, mwaka 1792, kabla ya Clark, kwa kuwa shamba halikutosha kulisha familia kubwa. Alihamia Blantyre, karibu na Glasgow, penye kiwanda cha pamba. Hapo ndipo David alipozaliwa mwaka 1813, katika chumba kimoja kilichokuwa nyumba ya familia nzima, na akiwa na miaka 10 akaanza kazi kiwandani, tangu alfajiri mpaka usiku. Jengo alimozaliwa leo ni makumbusho, na linafaa siku nzima ya likizo yako. Ukiwa hapo, tafuta habari za Susi na Chuma. Mwaka 1874 walifika Uingereza na kusaidia kuandaa shajara za mwisho za Livingstone. Bila wao, sura ya mwisho ya historia hiyo isingeandikwa.

Kuhusu malazi, kaa Tobermory, kule Mull, mji wa bandari ya uvuvi ulioanzishwa mwaka 1788, penye nyumba za rangi kali zilizopangana kandokando ya maji. Zipo hoteli, na ipo hosteli kwa mwenye mfuko mwepesi. Mwenye hema naye ana haki yake: sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inamruhusu mtu kutembea na kupiga kambi kwa muda mfupi kwenye ardhi nyingi ya wazi, mradi aitunze. Chukua koti la mvua, na jihadhari na usubi. Mei wanakuwa wachache kuliko Julai.

Mwaka 2018, wakazi wa Ulva wakiwa hawafiki hata 10, jumuiya ya wenyeji wa eneo hilo ilikinunua kisiwa kwa msaada wa mfuko wa ardhi wa serikali. Sasa wanakarabati nyumba na kurudisha familia. Kwa hiyo ukienda, nenda kama mgeni wa watu: pita kwenye magofu, soma majina ya vijiji, kisha kaa ule na kulipa kwa moyo mkunjufu. Ardhi ile imerudi mikononi mwa jumuiya, na kila mgeni anayenunua chakula chake pale anachangia kuwarudisha watu.