Miji ya Kale ya Provence na Barabara ya Sake



Kila mwaka, jua la kiangazi linapoipasha nchi ya Provence, iliyo kusini mwa Ufaransa, wasafiri maelfu kwa maelfu huenda kuizuru miji yake ya kale, wakapita Avignon na Arles na vijiji vilivyojengwa juu ya majabali kati ya mashamba ya mizabibu, na warudipo makwao husimulia kana kwamba fahari ile ilikuwako tangu azali, wala haikuhitaji mkono wa mtu kuitunza. Nimesimama mbele yenu kuthibitisha kinyume cha hayo: ya kwamba mji haupewi heshima na mawe yake, bali na watu wake, siku wanapoazimu kuyachunguza yaliyopita, kuyaandika na kuyahifadhi, na ya kwamba mji wetu wa Sake, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na miji na vijiji vya Masisi na Walikale, inastahiki heshima iyo hiyo.

Tazameni Arles. Uwanja wa michezo waliouacha Warumi uligeuzwa katika karne za kati kuwa mtaa wa maskani, nyumba zaidi ya 200 zikijengwa ndani ya kuta zake, na haukusafishwa ila kuanzia miaka ya 1820. Tazameni na Avignon, makao ya Mapapa tangu 1309 hata 1377, ambayo kasri yake tukufu ilifanywa kambi ya askari, na askari hao hawakutoka humo mpaka mwaka 1906. Kilichobadili mambo hakikuwa jua wala mawe, kwani hayo yalikuwapo siku zote, bali ilikuwa nia. Mwaka 1834 serikali ya Ufaransa ilimtia Prosper Mérimée, mwandishi wa hadithi, katika kazi ya kukagua majengo ya taarikhi, naye akazunguka nchi nzima akiandika hali ya kila gofu. Na mshairi Frédéric Mistral, aliyetunga kwa lugha ya Provence wakati lugha hiyo ilipokuwa ikidharauliwa, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 aliitumia fedha yake kuipanua nyumba ya makumbusho ya Arles, mlimokusanywa mavazi, vyombo vya jikoni na zana za wakulima wa kawaida.

Sasa natuigeukie nchi yetu. Sake imekaa mahali ambapo barabara hukutana: moja yatoka Goma, yapata kilomita 25 upande wa mashariki, ya pili yafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, ya tatu yapanda Kitshanga, na ya nne yakwea Mushaki, ikaenda Masisi na kushukia misitu ya Walikale. Mbele yetu ni ghuba ya Kabuno, isiyoungana na ziwa la Kivu ila kwa mlango wa kina kifupi, na nyuma yetu ni Nyamulagira, mlima wa volkeno ambao mwaka 1938 moto wake uliteremka hata ukaingia ziwani karibu na hapa. Mawe yale meusi yaliyopoa ndiyo watu wanayoyapanga leo kuzungushia nyua zao, na hewa ya sumu itokayo ardhini, tuiitayo mazuku, kila mama huijua na kumkataza mtoto asichezee bondeni alfajiri. Haya nayo ni maarifa ya mji, yaliyorithiwa kinywa kwa kinywa, ambayo aghalabu hayamo katika kitabu chochote cha shule.

Kwenye barabara ya Mushaki hushuka chukudu zilizosheheni viazi, maharage na makaa, chombo kilichochongwa kwa mbao za mkaratusi, dereva wake akiweka goti moja juu ya kipande cha kandambili na kubana gurudumu kwa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Huko juu ni malisho ya ng'ombe, itokako jibini iliyoieneza sifa ya Masisi hata Kinshasa. Mbele zaidi ni Mokoto, penye maziwa madogo na monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1954, ikashambuliwa Mei 1996, watawa wakakimbia na baadaye wakarejea. Na Gishari, humo humo Masisi, ambako kuanzia mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamishia watu kutoka Rwanda, ni sura ya taarikhi inayohitaji kuandikwa kwa insafu na watu wa kila kabila, ili isiachiwe wenye ghadhabu peke yao.

Huko Walikale, mwaka 1956, fanani wa kabila la Wanyanga, Candi Rureke, aliuimba, akausimulia na kuucheza utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili, mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck akiuandika. Naye Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga wenyewe, akashirikiana naye katika kuutafsiri, hata ukachapishwa Marekani mwaka 1969. Utendi huo husomwa katika vyuo vya mbali, ilhali vijana wengi wa Walikale hawajapata kuuona.

Jamhuri yetu ina mahali patano katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Virunga ikiwa mojawapo tangu 1979, na patano hapo pote ni mbuga na misitu. Hapana hata mji mmoja. Wala sisahau kwamba watu wa Sake wameyahama makazi yao tena na tena, katika vita vya Novemba 2006, vya 2012 na vya Januari 2025. Lakini mji unaokimbiwa mara nyingi ndio unaohitaji zaidi kuandikwa, kwani nyumba ikiungua huweza kujengwa upya, ama kumbukumbu ya mzee aliyefia kambini haijengeki tena.

Kwa hiyo nawasihi, walimu: kila shule iwe na daftari la mji wake, lenye majina ya vilima, vijito na masoko, na habari za wazee kama walivyozitamka wenyewe. Nanyi wanafunzi, anzeni jioni ya leo, kwa babu na bibi walio hai, bila kungoja serikali au mgeni aje kutufanyia kazi iliyo yetu.