Deni la Ada ya Wakili: Utaratibu Unaoweza Kuamua Kesi Kabla Ushahidi Haujasikilizwa

(Mada iliyowasilishwa kwa wananchi na watendaji wa vijiji katika maadhimisho ya Wiki ya Sheria)



Ichukuliwe mfano wa mjane aliyeshinda kesi ya shamba la marehemu mumewe. Shamba limerudi mikononi mwake, majirani wamempongeza. Miezi kadhaa baadaye anapokea hati ya wito: wakili aliyemtetea anamdai shilingi milioni nne za ada. Mjane anaamini alikwisha kulipa, maana alitoa fedha mara tatu, mkononi, bila stakabadhi. Kwa hasira anaikunja hati hiyo na kuiweka kabatini, akisema mwenye haki haogopi. Hapo ndipo anapoanza kushindwa, si kwa sababu hana haki, bali kwa sababu utaratibu haumsubiri.

Jambo la kwanza ambalo mwananchi hana budi kulitambua ni aina ya deni lenyewe. Ada ya wakili ni malipo ambayo mteja aliahidi kumlipa wakili wake, na msingi wake ni mkataba baina yao. Gharama za kesi ni kitu kingine: ni fedha ambazo mahakama humwamuru aliyeshindwa amlipe aliyeshinda. Madai ya ada huweza kufunguliwa kama shauri la kawaida la mkataba. Gharama za kesi haziombwi kwa shauri jipya. Huombwa kwa kuwasilisha ankara mbele ya ofisa wa mahakama mwenye mamlaka ya kuikadiria. Wanaochanganya njia hizi mbili hupoteza muda, na pengine haki yenyewe.

Anayepokea wito wa kuwasilisha utetezi katika Mahakama ya Wilaya ana siku 21, tangu siku alipokabidhiwa, za kupeleka utetezi wake kwa maandishi. Akiwa na sababu ya msingi anaweza kuomba nyongeza ya siku 10, lakini ombi hilo lipelekwe kabla ya zile 21 kwisha au ndani ya siku 7 baada ya kwisha. Akinyamaza, shauri huweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu kutolewa bila yeye kutamka neno. Hukumu ya namna hiyo huweza kuombewa itenguliwe, lakini mwombaji atapaswa kueleza sababu ya kuridhisha iliyomzuia. Hasira si sababu ya kuridhisha. Ikiwa hakupewa wito kabisa, hilo ni jambo zito, na alieleze mapema.

Ubishi wa pili ni wa ukomo wa muda. Kwa Tanzania Bara, madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Shauri lililochelewa hutupwa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakulitaja jambo hilo. Hata hivyo, mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake kabla muda huo haujaisha, hesabu huanza upya. Kwa hiyo barua fupi ya kuomba subira si jambo dogo: ni ushahidi, na ni saa iliyorudishwa nyuma.

Ubishi wa tatu ni wa mamlaka ya mahakama. Mahakama ya Wilaya haisikilizi madai yasiyo ya ardhi yanayozidi shilingi milioni 200. Kinachopimwa ni deni mahususi linalodaiwa, si fidia ya jumla ambayo mdai anaomba mahakama imkadirie.

Hoja za namna hiyo hupelekwa kama pingamizi la awali. Tangu uamuzi wa mwaka 1969 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Mukisa Biscuit, msimamo ni kwamba pingamizi la awali liwe hoja tupu ya sheria. Mjane akisema, “Nilikwisha kulipa,” hilo si pingamizi. Ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Akisema, “Deni lilifikia muda wake miaka saba iliyopita, kama hati ya madai inavyoonyesha yenyewe,” hilo laweza kuwa pingamizi.

Panapokuwa na ankara ya gharama, taratibu zake zimo katika Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Aliyepewa gharama huiwasilisha ankara ndani ya siku 60 tangu amri ilipotolewa. Stakabadhi za matumizi huweza kudaiwa. Ikiwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya ankara imekatwa, aliyeileta hapati gharama za ukadiriaji huo. Ankara ya shilingi milioni sita, kwa mfano, ikikatwa zaidi ya milioni moja, mzigo huo humrudia yeye. Asiyeridhika na ukadiriaji hupeleka maombi Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Haya yote hayaelezwi ili wakili anyimwe jasho lake. Wakili aliyesafiri, akaandika na kusimama mahakamani anastahili malipo yake, naye mteja anayekimbia deni halali humdhulumu. Lakini wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo huweza kuwa mkataba halali, ila anayedai jambo ndiye mwenye wajibu wa kulithibitisha. Kwa hiyo makubaliano ya ada yaandikwe siku ya kwanza. Yataje kiasi, hatua zinazohusika na nani atalipia usafiri. Kila malipo yapewe stakabadhi. Malalamiko ya maadili dhidi ya wakili hupelekwa Kamati ya Mawakili, lakini kulalamika huko hakusimamishi siku 21 za utetezi.

Asiye na uwezo wa kulipa anao mlango mwingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Yule mjane, basi, aitoe hati kabatini leo, asome tarehe aliyokabidhiwa, ahesabu siku zilizobaki, na awatafute walioshuhudia akitoa fedha. Haki yake huenda ipo. Kilichobaki ni kuifikisha mahakamani kabla mlango wa muda haujafungwa.