Simu za Ndugu Ndizo Orodha ya Abiria: Kutunza Taarifa za Madawati ya Dharura Kandokando ya Ziwa Victoria

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya wapokeaji simu za dharura, viongozi wa mialo na wajumbe wa kamati za maafa, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie namna ya kutunza taarifa za simu zinazopigwa na wananchi wakati wa maafa. Waliotangulia wamezungumzia kompyuta na programu, nami sitarudia. Naanza na swali ambalo kila aliyewahi kukaa dawatini siku ya ajali ameulizwa kabla hata hajanywa maji: walikuwa wangapi?

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani ikiwa karibu kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Siku ile zilitangazwa habari za manusura 26, na jioni miili iliyoopolewa ikawa 19. Jumlisha: 45. Mtu yeyote mwenye kalamu aliona kwamba kuna watu wawili waliozidi, na idadi ya manusura ikarekebishwa kuwa 24. Kosa lilionekana haraka kwa sababu orodha ya abiria ilikuwepo.

Sasa turudi nyuma miaka minne, ziwa ni hilihili. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, wakati gati la Ukara likionekana kwa macho. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Aliyekuwa akikata tiketi aliripotiwa kufa maji pamoja na wengine, na mashine yake ikazama. Idadi ya waliofariki ikapanda kila siku hadi ikafika 228, na waliookolewa 41. Tarehe 22 fundi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Hebu fikiria uzito wa hilo: siku mbili baada ya ajali hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni nani bado anatafutwa, maana hapakuwa na hesabu ya kutolea. Kuhusu MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wazee wa Mwanza hawahitaji kukumbushwa. Meli ya abiria 430, daraja la tatu halina orodha, na hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kuanzia mia nane hadi elfu moja. Wengine wamelala pale Igoma bila jina.

Hoja yangu ni hii. Kwenye vivuko, mitumbwi ya abiria na mitumbwi ya uvuvi ya ziwa letu, orodha ya abiria ama haipo, ama inazama na chombo. Lakini majina yapo nchi kavu. Yapo kwa mke aliyefunga chakula, kwa tajiri wa mtumbwi anayejua wavuvi wake, kwa shangazi wa Ukara aliyekuwa akisubiri mgeni gatini. Watu hawa wote hupiga simu. Kama simu zao zingeandikwa vizuri tangu ya kwanza, tungekuwa na orodha ya abiria ndani ya saa chache. Tukiziandika ovyo, tunabaki na kelele.

Simu zinakwenda wapi

Mwananchi wa mwaloni ana namba nyingi za bure: 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 115 ya usafiri wa dharura wa wagonjwa, 116 ya watoto, 199 ya Wizara ya Afya. Kusema kweli, usiku wa ajali hazipigi kwanza hizo. Anampigia mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kisha mtendaji wa kata, kisha mjomba aliye Mwanza mjini, kisha redio. Kila anayepokea anaandika mahali pake: daftari la mkono, jedwali la kompyuta, kundi la WhatsApp, nyuma ya risiti. Asubuhi kamati ya maafa inapokutana, kuna orodha tano zisizofanana na hakuna anayejua ipi imekula ipi.

Sishauri tuzifute namba hizo na kubaki na moja. Mtu humpigia anayemwamini, na hilo halibadilishwi kwa tangazo. Ninachoshauri ni fomu moja, yenye maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, iwe kwenye kompyuta ya 114 au kwenye daftari la mwenyekiti wa mwalo.

Simu moja

Tuchukue simu ya mfano. Mama anapiga kutoka Kayenze, alfajiri.

"Kaka, mume wangu hajarudi."

"Pole sana mama. Ametoka mwalo gani?"

"Hapahapa kwetu."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, na mwenzake Doto."

Mpokeaji anaandika 12:00 na kuendelea. Hapo tayari tumeshapotea. Mama amesema saa kumi na mbili jioni, yaani 18:00, kompyuta imesoma saa sita mchana. Anayepanga msako anadhani mtumbwi umekuwa majini tangu adhuhuri, na mzunguko wa kutafuta unapanuka bure. Na kama mama angesema "usiku wa Jumanne", je, ni ule wa kuamkia Jumanne au wa kuamkia Jumatano? Dawa yake si kumfundisha mama saa za Kizungu. Muulize: jua lilikuwa limezama? Mlikuwa mmeshakula? Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa? Kisha wewe mpokeaji ndiye ugeuze, na fomu iwe na sehemu mbili: alivyosema mpigaji, na ulivyogeuza.

Usahihi wa saa una faida nyingine. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji ya vuguvugu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake. Simu tatu kutoka Kayenze, Igombe na Irugwa, zote zikisema upepo ulianza muda uleule, zinatuambia kuna dhoruba na inaelekea wapi, hata kabla ya mtumbwi mmoja kuonekana umepinduka. Saa zikiandikwa vibaya, simu hizo zinaonekana kama matukio matatu yasiyohusiana.

Mahali nako kuna mitego. Bwiru iko Ilemela, mjini hapa. Bwiro iko Ukerewe. Irabu moja, na boti ya uokoaji imekwenda siko. Ukerewe hiyohiyo ina kata za Bukongo, Bukungu, Bukindo na Bukiko, na ina kata inaitwa Kagera. Mpokeaji aliyekaa Dar es Salaam akisikia "tuko Kagera, mtumbwi umezama", atampigia nani? Mkuu wa Mkoa wa Kagera, bila shaka! Ndiyo maana kila mwalo lazima uandikwe na vitu vitatu: jina, kata, na alama inayoonekana kutoka majini, iwe jabali, mnara wa simu au msikiti. Na wavuvi wana majina yao ya visiwa vidogo na kambi ambayo hayamo kwenye ramani yoyote ya serikali. Hayo ndiyo wanayoyataja wakiwa hatarini.

Kisha majina ya watu. Yule Doto wa mama wa Kayenze ni yupi? Usukumani kila mapacha ni Kulwa na Doto, na ajali moja inaweza kuwa na akina Doto wanne. Upande wa pili, mtu mmoja anaripotiwa na mkewe kama Baba Neema, na tajiri wake kama Fundi, na dada yake kwa jina la ubatizo. Mpokeaji mwenye haraka ataunganisha akina Doto wanne kuwa mmoja na kumgawa Baba Neema mara tatu. Kwa hiyo fomu iulize jina analoitwa mwaloni, jina la nyumbani, umri wa kukadiria, alitoka wapi, na alikuwa na nani. Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote, kwa sababu wapigaji wawili wakitaja jozi ileile ya majina, si rahisi iwe bahati tu. Na ripoti zikionekana kurudiana, usifute hata moja. Ziunganishe chini ya mtu mmoja, kila moja ibaki na saa yake na mpigaji wake. Ripoti ya pili ni shahidi wa ya kwanza.

Wapo pia wanaobipu. Mvuvi mwenye salio sifuri na chaji inayoelekea kuisha hapigi mara mbili. Hata namba ikiwa ya bure, mazoea ni mazoea. Simu iliyokatika kabla ya kupokelewa ni taarifa. Iandikwe na ipigiwe. Najua mtasema nusu ya hizo ni watoto wanacheza, na Jeshi la Zimamoto limelalamika mara nyingi kuhusu simu za mzaha kwenye 114. Ni kweli inaudhi. Lakini dhoruba ikiwa ziwani, afadhali nimpigie mtoto wa shule mara kumi kuliko kumwacha mmoja anayeelea juu ya dumu.

Kufunga

Sehemu ya fomu inayosahaulika kuliko zote ni ya mwisho: mtu huyu amepatikana, lini, wapi, nani amethibitisha. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na upepo ukiwakataza kurudi hulala kisiwa chochote kilicho karibu na kuuza mzigo hukohuko. Wengi tunaowaandika "hajarudi" wanakunywa chai mwalo mwingine. Mkewe akishamwona mlangoni hapigi simu tena kutuarifu, na kwa nini apige? Jukumu ni letu kumpigia. Orodha isiyofungwa inaendelea kumtafuta mtu aliyelala kwake, na siku ya ajali kubwa majina hayo ya zamani yanachanganyika na mapya. Napendekeza kila jina lililo wazi lipigiwe kila baada ya saa sita, na mialo jirani iulizwe kabla boti haijawashwa.

Na taarifa ishuke pia, isipande tu. Pale Bukoba waliofika kwanza kwenye ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson ambaye baadaye alipewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kama waokoaji wa kwanza ni wavuvi, basi orodha iliyo ofisini kwa Mkuu wa Wilaya lakini haijafika kwa mwenyekiti wa mwalo haijafanya kazi yake.

Kwa nini watu hawatuambii ukweli

Hapa nitasema wazi, na naomba maofisa uvuvi wanivumilie. Tangu Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zilipokamatwa na kuchomwa, wavuvi wengi wanaona kila swali la serikali ni mtego. Mwenye nyavu zisizoruhusiwa akizama, wenzake wanachelewa kupiga simu, au wanataja mahali pa uongo. Ikijulikana mara moja tu kwamba simu ya dharura ilitumika kumkamatia mtu kokoro, dawati limekufa, na halitafufuliwa na semina. Taarifa za uokoaji zisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatupa msingi: taarifa hutumika kwa lengo lililokusanyiwa.

Sheria hiyohiyo inagusa makundi yetu ya WhatsApp. Namba ya mfiwa ikisambaa, matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaipata kabla ya msiba kuisha, wakijifanya wahudumu wa mochwari. Orodha inayopelekwa kwa umma iwe na jina na hali ya mtu basi. Namba za ndugu zibaki dawatini.

Kuna atakayesema haya ni makubwa mno kwa mazingira yetu. Lakini mfumo wa m-mama, unaowafikisha hospitali wajawazito na watoto wachanga wenye dharura kupitia 115, ulianzia hukuhuku Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, ukitumia madereva wa kawaida wa kijijini na mpokeaji simu anayefuata maswali yaliyopangwa. Sasa umeenea nchini. Kenya nao, mwaka 2008, walitengeneza programu iitwayo Ushahidi wakikusanya ripoti za ghasia kwa ujumbe wa simu, na chombo hicho kikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 tayari imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kinachokosekana ni daftari linalofanana.

Nimalizie kwa maombi. Kabla hatujatawanyika kesho, kila mwakilishi kutoka Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Magu, Misungwi, Ilemela na Nyamagana aandike mialo, visiwa na kambi zote anazozijua, kwa majina ya kwenye ramani na yale wanayoyatumia wavuvi, pamoja na namba ya simu ya mtu mmoja anayepokea usiku. Karatasi ziko mezani kwa katibu.